Dirisha la Kofia

Nyumbani kwetu Mghange kulikuwa na swali moja ambalo bibi yangu, mama mzazi wa baba, alimwuliza baba kila Krismasi, na kila Krismasi hakujibiwa. Aliliuliza tukishatoka kanisani, tukishakula, sahani zikishaondolewa. Baba alikuwa mzee wa kanisa na mwalimu mstaafu, mtu wa suti na kofia ya pama, na hata ndani ya nyumba yake mwenyewe alikaa wima kana kwamba anapigwa picha. Bibi alimgeukia akasema kwa Kidawida, lugha yetu ya milima ya Taita, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Umemweka wapi?" Baba alijibu, "Mama, hayo yalikwisha." Bibi hakubishana. Alisubiri mwaka mwingine.

Nilipokuwa mdogo nilidhani wanazungumzia mbuzi. Siku moja nikamwuliza mama kama ni kweli baba alimwuza mbuzi wa bibi kwa siri, nikapigwa kofi ambalo shavu langu linalikumbuka hadi leo. Basi nikajifunza kwamba mambo mengine nyumbani kwetu hayaulizwi, isipokuwa na bibi, ambaye hakuna aliyethubutu kumpiga kofi.

Nimeanza na swali hilo kwa sababu bila hilo, yaliyonipata Voi yataonekana ni kichekesho tu cha msichana aliyeharibu dirisha la duka.

Nilishuka Voi miaka ya sabini, nikiwa na miaka ishirini na mdomo mrefu kuliko cheti changu cha shule. Nilipata kazi katika duka la nguo na kofia, mtaa wa karibu na stesheni ya reli. Mwenyewe alikuwa mama mmoja kutoka bara, mnene, mcheshi, mkali wa macho, ambaye mji mzima ulimwita Mama Duka. Alikuwa amefika Voi na furushi moja la vitenge akauza chini sokoni, na sasa alikuwa na jengo la mawe na mlango wa mabati wa kukunja. Nilimheshimu sana, ingawa nilikuwa nimeamua ndani ya wiki ya kwanza kwamba hajui kupanga duka.

Siyo yeye peke yake. Maduka yote ya Voi wakati ule yalipangwa kama ngome. Kaunta ilitoka ukuta hadi ukuta. Mteja alisimama upande wake, mali ikakaa upande wetu, mpaka darini. Kofia zetu zilibebanishwa kama sufuria, zikafungwa kwa karatasi, zikawekwa rafu ya juu kabisa kwa sababu ya lile vumbi jekundu la Voi ambalo linapita hata kwenye tundu la ufunguo. Mteja alielekeza kwa kidevu, mimi nikapanda ngazi, nikashusha, nikafungua, akatazama, akasema "Si hiyo," nikapanda tena. Kwa siku nilipanda mara nyingi kuliko mwizi wa nazi. Mteja mwingine aliona huruma, akanunua kofia asiyoitaka ili nipumzike.

Kisha duka la mkabala na letu likaweka dirisha kubwa la kioo, na ndani yake gauni moja tu, jeupe, likaning'inia. Watu walivuka barabara kulitazama. Mama Duka alisimama mlangoni mikono kiunoni akaangalia migongo ya wateja wake, na mwezi uliofuata fundi alikuwa anavunja ukuta wetu.

"Wewe una mdomo," akaniambia. "Enda Mombasa wiki mbili ufundishwe hiyo maneno ya dirisha. Ukirudi, dirisha ni yako. Ikileta watu Krismasi hii, utakuwa mkubwa wa hapa ndani. Isipoleta, utarudi kwa ngazi."

Mombasa nilifundishwa na mzee aliyepamba madirisha ya duka kubwa, mtu mwembamba aliyebeba pini mdomoni hata akiongea. Siku ya kwanza, kwa kujipendekeza, nilimwambia kwetu tunasema kizuri chajiuza. Alizitoa pini mdomoni. "Kizuri kikikaa nyuma ya mlango, binti yangu, kitajiuza kwa nani?"

Alinifundisha kwamba jicho la mteja lina kimo chake, na kitu unachotaka kukiuza kikae hapo, si darini wala sakafuni. Kwamba bidhaa ambayo kila mtu anaihitaji, uzi na sindano na vifungo, iwekwe nyuma kabisa ili mtu aifuate akipita kwenye zile asizojua kwamba anazihitaji. Kwamba dirisha lililojaa halionekani. Na siku ya mwisho alinifundisha jambo lililonimaliza. "Dirisha zuri," alisema, "ni lile ambalo mteja akilitazama anaona kwao. Weka ndani kitu cha nyumbani kwake. Akiona kwao, ataingia mwenyewe bila kuitwa."

Nililiandika hilo katika daftari langu nikalipigia mstari mara mbili.

Aliniaga kwa zawadi: sanduku la mbao lenye vichwa vinane vya plasta, vya kuvalishwa kofia, vilivyokuwa vimelala stoo. Nilirudi Voi na treni nimelipakata lile sanduku kama mtoto. Mama Duka alifungua kifuniko, akaruka nyuma akagonga kaunta.

"Ngai! Umeniletea wazungu wamekatwa shingo!"

Kweli vilikuwa vinatisha kidogo. Vilikuwa na mashavu ya pinki, macho ya buluu, midomo myekundu, na rangi ilikuwa imebanduka huku na huku. Mama Duka alisema hakuna mzee wa Voi atakayenunua kofia kwa mtu mwenye ugonjwa wa ngozi. "Toa hizo rangi," akaamuru. Nami, ambaye sikuwahi kusugua kitu kwa nguvu ndogo, nikavipeleka uani, nikavilowesha kwenye karai, nikachukua mchanga na majivu na ule waya wa kusugulia sufuria, nikafanya kazi.

Sikujua kwamba plasta ikilowa inalainika. Rangi ilitoka, na pua zikatoka nayo. Midomo ikaliwa. Macho yakaingia ndani yakawa mashimo mawili. Nilipovipanga juani vikauke, vilikuwa vyeupe pepe, laini, havina pua, vinane kwa safu. Nilishtuka kwa hasara niliyofanya, nikakaa kwenye ndoo nikajiuliza nitapanda basi gani la kurudi Mghange.

Mama Duka alitoka, akatazama, akacheka mpaka akashika ukuta. "Wacha tu," alisema. "Watu wananunua kofia. Pua wanazo."

Nataka msomaji anielewe hapa. Nilivitazama vile vichwa, mimi binti wa Kitaita, aliyezaliwa na kulelewa mlimani, na sikuona chochote ila plasta iliyoharibika. Nililelewa na mzee wa kanisa. Mambo ya kale kwetu yalikuwa kama choo cha nje: kila mtu alijua kipo, hakuna aliyekitaja mbele ya wageni, na sisi watoto tulikuwa wageni.

Nikakumbuka somo la mwisho la mzee wa pini. Wateja wetu wa Krismasi ni akina nani? Ni watu wa milimani, wanaoteremka kununua kofia na nguo za kanisani. Na kwao ni wapi? Ni mawe. Basi nikakodi mkokoteni nikaenda upande wa barabara ya Mraru, nikaokota mawe bapa ya kijivu, nikayapanga dirishani yakawa kama ngazi za mwamba. Juu nikatundika gunia la mkonge lililokunjamana, likining'inia mbele kama paa la jiwe, ili jua lisichujue rangi ya kofia. Vichwa nikaviweka juu ya mawe, ndani ya kivuli, vyote vikitazama barabara. Kila kimoja kofia yake. Cha nane nikakiweka ukingoni, upande wa mlango, kwa kimo cha jicho, nikakivalisha pama bora kuliko zote, ya kahawia yenye utepe mweusi.

Nilitoka nje nikavuka barabara nikatazama kazi yangu. Nilijipenda. Nasema ukweli, nilijipenda kiasi kwamba nilitamani mtu apite nimwambie ni mimi.

Walipita wengi. Wafanyakazi wa reli walisimama wakacheka na kusifu. Watu kutoka bara waliingia, wakajaribu kofia mbele ya kioo cha ndani, wakanunua. Mzee mmoja Mkamba alisema hajaona duka maridadi hivyo tangu azaliwe. Ila watu wangu, wale niliowawekea mawe, walifika varandani, wakatazama. Kisha wakashuka varandani kinyumenyume. Hawakulipa dirisha mgongo. Mzee mmoja wa kutoka Makwasinyi alivua kofia yake aliyoivaa, akasimama kidogo, akavuka barabara akanunua kwa jirani. Mama mmoja wa kwetu Mghange, aliyekuwa akinunua uzi kwangu kila mwezi, aliweka kikapu chini akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wewe, ni nani aliyekutuma?"

"Nimefundishwa Mombasa, mama."

Alinitazama kama mtu anayetazama nyumba inayoungua, akachukua kikapu chake akaenda.

Nilikasirika. Niliwaita washamba, tena kwa sauti. Nilikuwa na dharau ya mtu aliyekaa Mombasa wiki mbili. Nikaongeza taa, nikapangusa vumbi kila saa, nikavisogeza vichwa mbele kidogo vionekane vizuri zaidi. Watu wa mlimani wakazidi kupungua.

"Watu wako wamekwenda wapi?" Mama Duka aliuliza. "Hii dirisha inaita wageni na inafukuza wenyewe. Krismasi si ya wageni. Nakupa mpaka Jumamosi."

Alhamisi asubuhi bibi akaja.

Hakuwa amewahi kuteremka Voi tangu nianze kazi. Alikuwa na miaka themanini au zaidi, mdogo wa mwili, mgumu kama mzizi wa mgunga. Alishuka kwenye basi ng'ambo ya barabara na kikapu cha maharagwe na mkungu mdogo wa ndizi, akiwa amejifunga kitambaa chake cheupe cha kanisani kwa ajili ya safari. Nilimwona kupitia kioo nikatoka mbio kumpokea. Nilitaka aone. Nilitaka hasa yeye aone, kwa sababu alikuwa amesema kazi ya duka si kazi, ni kusimama.

"Bibi, karibu! Tazama, ni mimi nimelipanga!"

Alitazama. Kikapu kikamtoka mkononi, maharagwe yakatapakaa varandani mpaka barabarani. Hakuyaangalia. Alisogea kwenye kioo polepole, akaweka kiganja juu yake, na midomo yake ikawa inatembea bila sauti. Nilidhani anapatwa na kiharusi. Nilimshika mkono, naye akanishika kifundo kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Mjukuu wangu," alisema, "nani amekupa ruhusa ya kuwatoa?"

"Kuwatoa akina nani, bibi? Ni plasta. Ni vya kuvalishia kofia."

"Plasta," alilirudia neno hilo asilolijua. Kisha akaketi pale pale sakafuni mwa varanda, mbele ya dirisha, akanivuta nikae, na huku wateja wakituruka miguu akaniambia jambo ambalo kila mtu wa umri wake alilijua na mimi sikuambiwa kamwe.

Zamani, alisema, kabla ya kanisa kutufikia, mzee wa ukoo akifa alizikwa. Muda ukipita, kichwa chake kilifukuliwa kwa heshima, kikapelekwa kwenye pango la ukoo na kuwekwa juu ya jiwe pamoja na wale waliomtangulia, kwa safu. Hapo ndipo watu walipokwenda kuwaambia habari. Mvua imekataa. Mtoto anaumwa. Binti anaolewa. Ukoo wetu ulikuwa na wazee kumi na wawili. Wa mwisho, aliyewekwa ukingoni upande wa kuingilia, alikuwa mume wake, babu yangu.

Niligeuka nikatazama dirisha langu kwa macho yake. Mawe. Paa la gunia na kivuli chake. Safu ya vichwa vyeupe visivyo na pua, vinatazama njia. Wa mwisho ukingoni. Nami nilikuwa nimeviongezea taa.

"Sikujua, bibi," nilisema. "Naapa sikujua."

"Ungejuaje? Umelelewa na baba yako." Akaendelea, bado amenishika kifundo. "Mwaka mmoja vijana wa shule ya misheni walikwenda pangoni na magunia, wakiimba. Baba yako alikuwa mmoja wao. Walikuwa wameambiwa kwamba wazee wetu ni giza. Wakawatoa wote wakawafukia katika shimo moja. Nilingoja waondoke. Nikalifukua lile shimo kwa jembe, kisha kwa mikono, nikamtazama kila mmoja. Babu yako alipigwa teke na fahali ujanani, mfupa uliingia hapa juu ya jicho. Ningemjua hata gizani. Walikuwa kumi na mmoja, mjukuu wangu. Yeye hakuwemo. Nikawarudishia udongo."

Basi hilo ndilo lilikuwa swali la Krismasi. Miaka yote hiyo nilikuwa nikila wali na pilipili huku mwanamke huyu akimwuliza mwanawe kichwa cha mumewe kiko wapi, na mwanawe akimjibu yalikwisha. Sijawahi kushtuka vile, na nimeishi kuona mengi. Nilishtuka kwa ajili yake, na nilishtuka zaidi kwa ajili ya baba yangu, yule aliyenifundisha kusali nimepiga magoti kwenye zulia la mkonge, ambaye mikono yake sasa niliiona na gunia.

Bibi alikataa kuondoka. Nilimwambia nitaviondoa vichwa mara moja. "Usiguse," alisema. "Nitakaa nao kwanza." Akakaa mchana kutwa, mgongo kwa barabara, uso kwa kioo. Mama Duka alitoka mara tatu kumwomba kwa adabu, akapewa ndizi. Mara ya nne alikuja na kiti, bibi akakikataa, Mama Duka akakikalia mwenyewe pembeni, wakatazama dirisha pamoja bila lugha moja ya kuongea. Jioni bibi alikubali kulala chumbani kwangu, na mlango wa duka ulipofunguliwa asubuhi alikuwa tayari mahali pake.

Nilikuwa nimemtuma dereva wa basi la Mghange ampe baba ujumbe: mama yako amekaa mbele ya duka, amekataa kutoka. Sikusema kwa nini. Sikuweza kumwambia dereva, na labda sikutaka baba apate muda wa kutunga jibu.

Alifika Ijumaa saa nne, na basi la kwanza, amevaa suti, amekasirika. Nilimwona anashuka na kuvuka barabara kwa hatua zake za mwalimu, mdomo tayari umefunguka kunigombeza. Alifika katikati ya barabara akaliona dirisha.

Alisimama. Mkokoteni wa maji ulimpitia karibu, mwenyewe akamtukana, hakusikia. Baba yangu, ambaye hakuvua kofia yake kwa mkuu wa wilaya mpaka mkuu wa wilaya amsalimie kwanza, aliivua kwa mikono miwili akaishika kifuani. Kisha akaanza kutaja majina. Kwa Kidawida, moja moja, akianzia kichwa cha nyuma kabisa. Yalikuwa majina ya wazee ambao nilikuwa nimefundishwa kwamba baba hawakumbuki. Alitaja jina, akasogea hatua, akataja jina. Vichwa vilikuwa vinane. Majina hayakuishia hapo. Alipofika varandani alikuwa ametaja kumi na moja, na uso wake ulikuwa umelowa.

La kumi na mbili alishindwa kulitaja. Alikuwa amesimama mbele ya ile pama ya kahawia.

Bibi hakunyanyuka. Alimtazama mwanawe kutoka pale sakafuni akasema, kwa sauti ile ile ya Krismasi, "Umemweka wapi?"

"Wenzangu walikuwa wanaimba," baba alisema. Sikuwahi kuisikia sauti ile; ilikuwa ya mtu wa miaka kumi na minane. "Nami niliimba. Nilitia wote kwenye gunia kama nilivyoambiwa. Nilipomfikia yeye, nikaona ile alama juu ya jicho. Sikuweza, mama. Nilimficha ndani ya koti. Wao wakaenda shimoni, mimi nikapita njia ya juu nikaja nyumbani. Wewe ulikuwa umekwenda kuchota maji."

"Wapi?"

"Wenzangu waliniamini. Nikawa mwalimu wao, nikawa mzee wa kanisa. Ningewaambiaje kwamba wazee wao niliwafukia, na wangu nikamficha?"

"Mwanangu. Wapi?"

"Chini ya jiwe lako. Lile la kuchambulia maharagwe. Nilitaka awe karibu na wewe."

Jiwe lile nalijua. Sote nyumbani tunalijua. Ni jiwe bapa mbele ya mlango wa bibi, upande wa mashariki, ambapo jua la asubuhi linafika kwanza. Bibi alikaa hapo kila siku ya Mungu tangu nipate akili, ungo magotini, akichambua, akiota jua, akitugombeza.

Bibi alihesabu kwa vidole. Kisha akasema polepole, "Miaka arobaini nimemkalia?"

Baba aliitikia kwa kichwa. Bibi alinyanyuka, akamfikia, akampiga kofi mzee wa kanisa mbele ya duka, mbele ya watu wa reli na wachuuzi na wapiga viatu rangi wote. Lilisikika mpaka kwa jirani. Halafu bega lake likaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na alipokuwa bado anacheka akaanza kulia, na baba akamshika asianguke. Mimi nilisimama na mkono mdomoni. Sikujua kama nimemchukia baba yangu au nimempenda kuliko siku zote, na sikupata nafasi ya kuamua, kwa sababu Mama Duka alikuwa ananivuta mkono.

"Wanasema nini?" alininong'oneza. "Msichana, hao watu wanataka nini?"

Bibi alikuwa anaelekeza kwenye kioo kwa kidevu, kama mteja yeyote wa zamani.

"Wanataka kofia," nilimwambia.

Niliingia dirishani kwa magoti nikaitoa ile pama ya kahawia. Baba aliinunua. Siku hiyo hiyo niliviondoa vichwa nikavirudisha kwenye sanduku lao, na mawe nikayarudisha nilikoyatoa, kwa mkokoteni ule ule. Kofia nilizitundika kwenye vigingi vya mbao, kila moja peke yake, kwa kimo cha jicho, bila kitu cha nyumbani kwa mtu yeyote. Habari zilipanda mlimani kabla ya basi la jioni. Jumamosi wakaja wote, hata yule mama wa uzi, wakanunua. Mama Duka alinipa duka nilisimamie, ingawa mpaka anakufa alikuwa akinisimulia kwa wageni kama msichana aliyesugua pua.

Krismasi ile nilikwenda nyumbani. Tulitoka kanisani, tukala, sahani zikaondolewa. Sote tulimtazama bibi kwa mazoea, na baba akatazama meza. Bibi hakuuliza kitu. Aliichukua ile pama mahali ilipotundikwa, akatoka nje, akaiweka juu ya jiwe, akaketi chini kwenye udongo, kando yake.

Baba alitoka baada ya muda. Alivua kofia yake mwenyewe, akaketi udongoni na suti yake ya kanisani, jambo ambalo sikuwa nimeliona maishani. Walikaa hivyo juani. Kisha bibi akamgusa kwa kiwiko akamwambia asogee kidogo, anamzibia mzee jua.